Kamera Usawa wa Goti

Sipendi kitu chenye miguu mitatu. Mama yangu hupikia juu ya mafiga matatu, na hayo ndiyo matatu pekee ninayoyaamini. Mengine yote nayatazama mara mbili. Nilikwisha kuiona darubini ya wapima ardhi ikisimamishwa kwa miguu yake mitatu kando ya shamba la watu, kule bondeni. Mzungu akafumba jicho moja, akachungulia, akaenda zake bila kumwambia mtu neno. Mvua iliyofuata, shamba lile likaota mkonge.

Kwa hiyo asubuhi Bwana Vumbi alipofika karakanani kwa Mbaruk na kuteremsha miguu mitatu ya mbao kutoka kwenye pikipiki yake, niliacha kuvuta mivukuto. Moto ukaanza kufifia.

"Vuta, Mwandawiro," Mbaruk akaniambia bila kugeuka. "Chuma hakilainiki kwa kutazama wageni."

Mbaruk alikuwa fundi wa taa, wa baiskeli, na wa kila kilichovunjika hapa Voi kikakosa wa kukililia. Wazee wake walitoka pwani wakati reli inajengwa, wakabaki. Karakana yake ilikuwa Kaloleni, imeegemea duka la ami yake, Ishaq, na ukuta kati yao ulikuwa wa bati, kwa hivyo hakuna neno lililosemwa upande mmoja lisisikike upande wa pili. Mimi nilikuwa mvuta mivukuto wake na rafiki yake. Siku nyingine nilikuwa rafiki kwanza.

Bwana Vumbi ni jina tulilompa sisi. Pikipiki yake ilikuwa ya jeshi, iliyobaki baada ya vita, yenye kigari cha abiria ubavuni. Alipopita mtaani, watu walikohoa mpaka adhuhuri.

Akaweka juu ya meza ya kazi kamera mbili. Moja ilikuwa sanduku kubwa la mbao lenye mkono wa kuzungusha, na ile miguu mitatu ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ndogo, ya chuma, imetoshea kwenye kiganja, na ubavuni ina ufunguo kama wa saa ya ukutani.

"Fundi," alisema, "mimi nataka piga picha ya pikipiki nakwenda. Si picha ya kusimama. Picha ya kutembea. Watu ya Ulaya wataona njia kama wao nakaa juu ya pikipiki. Wewe nafunga kamera hapa, nguvu sana, hapana tikisika."

"Kwenda wapi, Bwana?"

"Maungu. Kisha Kasigau, mpaka Rukanga. Nchi mzuri. Hapana watu. Tupu kabisa."

Mivukuto ikanitoka mikononi.

Rukanga ni kwetu. Iko chini ya mlima wa Kasigau, mahali ambapo maji hushuka kutoka msituni hata wakati nyika yote imekauka. Vita vilipoanza, Wajerumani walivuka mpaka wakafika kule, na ilisemwa kwamba mtu wa kwetu ndiye aliyewaonyesha njia. Mtu gani, hakuna aliyemtaja. Basi Waingereza wakatuhamisha sote, na mtoto mgongoni na mzee juu ya machela, mpaka pwani kwenye homa, ambako tuliacha makaburi mengi kuliko nyumba tulizojenga. Vita vilipokwisha tukarudishwa nusu ya njia. Mama yangu, Wakesho, alipewa kibanda hapa Voi, na kutoka mlangoni kwake siku zisizo na vumbi unauona mlima wetu, bluu, kama kitu ulichokopeshwa ukanyang'anywa.

Kurudi kulikatazwa bila ruhusa. Wazee wetu waliomba ruhusa hiyo kila mwaka. Mwaka ule waliambiwa jambo jipya: kuna kampuni ya mkonge nayo inaiomba ardhi ileile, na kampuni inasema ni pori tupu, hapana mwenyewe. Serikali itatazama, kisha itaamua.

Na sasa alikuwa amekuja mtu na jicho la kutazamia, naye alikuwa na jibu lake tayari mdomoni.

"Huyu analala kwa nani?" nilimuuliza Ishaq mchana ule, kupitia ukuta wa bati.

"Kwa meneja wa kampuni," sauti ya Ishaq ikajibu. "Na anakula vizuri, maana hanunui kwangu hata kibiriti. Kwani wewe wataka kumposa?"

Mbaruk akacheka. Mimi sikucheka.

*

Nilidhani Mbaruk ataikataa kazi ile, au ataifanya vibaya. Badala yake aliifanya kama anayemtengenezea bibi harusi kidani.

Kwanza alilikataa sanduku kubwa. "Hili lataka mtu wa kulizungusha mkono sawasawa, Bwana, kama anayesaga kahawa. Kwenye njia ya mawe mkono utaruka, na watu wa Ulaya watakuona mara waenda mbio, mara wachechemea. Hii ndogo yajiendesha. Ukiijaza ufunguo haihitaji mtu ila wa kuifyatua."

Bwana Vumbi alikubali. Lakini alitaka kamera ndogo ifungwe juu ya mlingoti wa chuma nyuma ya kichwa chake. "Juu," alisema, akinyoosha mkono. "Nitaona nchi yote, mbali, mpaka mlima."

Mbaruk hakubishana. Alichukua bakuli la bati, akalijaza maji, akalifunga juu ya mlingoti, akamwambia Bwana azunguke nalo mpaka kwenye reli na kurudi. Bakuli likarudi kavu na shati la Bwana limelowa. Akalifunga juu ya tangi la petroli. Likarudi nusu. Akalifunga kwenye usukani. Likarudi na tone moja linalozungukazunguka. Mwisho akalilaza puani mwa kile kigari cha ubavuni, chini kabisa, juu ya kitanda alichokisuka kwa vipande vya mpira wa gurudumu na makumbi ya nazi, na likarudi na maji yake, na jani moja la mchongoma likielea juu.

Watu wa mtaa walikuwa wamejaa. Wengine walipiga makofi.

"Chini?" Bwana Vumbi aliinama, akapima kwa macho. "Lakini hapa ni goti tu. Nitaona nini? Mchanga tu."

"Bwana si wataka kuonyesha mbio?" Mbaruk alimuuliza kwa upole mwingi mno. "Mbio haziko mlimani. Mlima umekaa tu. Mbio ziko chini, kwenye majani yanayokujia usoni. Ukiwa juu, watakuona kama tai anayesinzia. Ukiwa hapa chini, mwanamke wa Ulaya atamshika mumewe mkono."

Bwana Vumbi alicheka, akakubali. Nami nikaona jambo lililonitia baridi moyoni: Mbaruk alitazama mlima wetu, halafu akaitazama kamera, halafu akaishusha tena kidogo, kama mtu anayelenga.

Alipoondoka Bwana nilimwuliza. "Mbona unajitia hivi?"

"Hivi vipi?"

"Kwa juhudi hii yote. Ukimfungia vibaya, picha yake itakuwa ukungu, na kampuni haina cha kuonyesha."

Akapangusa mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mimi sifanyi kazi mbaya, Mwandawiro. Hata kwa adui."

"Kwa hiyo unajua ni adui."

"Najua wewe una mdomo mkubwa na ukuta huu ni wa bati."

"Nasikia," sauti ya Ishaq ikasema upande wa pili. "Endeleeni."

"Sema basi ni kwa nini umeishusha mpaka chini," nikamwambia Mbaruk.

"Ngoja uone."

"Tulingoja pwani. Tulingoja hapa. Nyinyi watu wa barazani mnapenda sana wenzenu wangoje."

Hapo akaumia, nilimwona. Akavua kitambaa begani, akakitundika. "Kesho kutwa Bwana anataka mtu wa kukaa kigarini, anayeijua njia. Nimemtajia jina lako. Ukitaka, njoo. Usipotaka, kaa kwenu uote jua. Mimi sijielezi kwa mvuta mivukuto."

"Na mimi sisindikizi wezi."

Niliondoka. Mtu ametajwa kuonyesha njia ya Kasigau, na mtu huyo ni mimi. Nilijiuliza kama ndivyo ilivyoanza hata ile mara ya kwanza: rafiki kulitaja jina lako mahali ambapo hukuwapo.

*

Mama alikuwa anasuka kikapu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso, vidole vikitembea.

"Rudia," akasema. "Hilo jicho wamelifunga wapi?"

"Chini, mao. Usawa wa goti. Halitazami mbali. Linatazama ardhi, kama mbwa anayenusa."

Vidole vikasimama.

Lazima nieleze siri yetu, maana sasa si siri tena. Nyumbani kwetu mwanamke akihama moja kwa moja, huyapindua mafiga yake yakalala kifudifudi. Asipoyapindua, nyumba bado ni yake, lakini lazima moto uwashwe pale angalau mara moja kila baada ya mavuno. Jiko likipitisha mwaka mzima baridi, mafiga yamekufa na mwenye nyumba hana nyumba. Siku tuliyotolewa Rukanga, askari wamesimama mlangoni, hakuna mwanamke hata mmoja aliyepindua mafiga yake. Miaka ya pwani haikuhesabiwa, maana tulizuiwa; lakini tangu turudishwe Voi, kila baada ya mavuno, mama na wenzake walitoka kimyakimya wakisema wanatafuta nyuzi za kusukia vikapu. Walikwenda kwa miguu mpaka Rukanga, ambako walikatazwa, wakawasha moto kila mmoja mahali pake, wakapika uji, wakanywa, wakarudi. Nyumba zilikuwa zimekwisha kuanguka. Mafiga yalikuwa yamesimama.

Nje ya wanawake wale, aliyejua ni mimi. Na Mbaruk, kwa sababu nilimwambia siku moja tukila embe, wakati nilipokuwa bado namwona ndugu.

"Majivu," mama alisema. "Jicho la chini litaona majivu. Watajua tunakwenda. Safari hii hawatatupeleka pwani tu."

"Ndivyo ninavyofikiri."

"Mswahili wako amefikiri kabla yako." Akainuka, akajifunga kanga. "Nani mwingine angejua pa kulishusha? Wewe nenda nao. Keti humo kigarini. Wazungushe njia ya mbali, tutangulie sisi. Tutayaondoa."

"Utapindua mafiga?"

"Sikusema nitapindua. Nitayahamisha tu. Nitayalaza kichakani mpaka wapite, na moto nitauwasha hapo kwanza, kisha niutie kwenye kigae, usizimike." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Unadhani mimi ni mjinga?"

Nilimwambia hapana. Nilijisikia hodari. Nilimwona Mbaruk akifika pale na kamera yake na ujanja wake, na mbele yake hapana kitu.

*

Tulitoka Voi kabla jua halijachoma. Bwana Vumbi aliendesha, Mbaruk akiwa nyuma yake amekumbatia mkoba wa nyundo na spana, nami kigarini, magoti yamegusa kidevu, kamera iko mbele ya miguu yangu. Kazi yangu ilikuwa kusukuma kitufe Bwana akiinua mkono, na kukiachilia akiushusha. Kamera ilipofanya kazi ililia kama panzi.

Mpaka Maungu tulikwenda sawa. Baada ya pale niliwapitisha kushoto badala ya kulia, nikawaingiza kwenye mchanga wa korongo, nikawatoa, nikawarudisha. Bwana Vumbi alitukana kwa lugha yake. Tuliposimama kuupoza mtambo, Mbaruk alinisogelea.

"Njia hii unaizungusha."

"Njia ya kwetu naijua mimi."

"Naam. Ndiyo maana najua unaizungusha. Unanificha nini, mwanakwetu?"

"Ulichonificha wewe."

Akatema mate pembeni, akapanda.

Tulifika Rukanga jua limeanza kuinama nyuma ya mlima. Bwana Vumbi alizima mtambo chini ya kivuli cha mwamba. Mbele yetu njia ilinyooka katikati ya uwanja wa kijiji chetu, ikielekea mlimani. Alisema hapo ndipo atakapopiga picha ya mwisho, ile kubwa, na kwamba amebakiwa na utepe mmoja tu wa filamu. Ili kuubadilisha bila mwanga kuuharibu, alijifunika kitambaa cheusi kichwani mpaka kiunoni pamoja na kamera, akaanza kuhangaika ndani yake kama kuku guniani.

Mbaruk alikuwa amekwisha kutembea mpaka uwanjani. Nilimwona akisimama. Akageuka huku, akageuka huku. Akapiga goti, akapapasa ardhi kwa kiganja.

Nikamfuata, nikiwa na maneno yangu tayari.

"Mafiga yako wapi?" aliniuliza.

"Mafiga gani?"

"Mwandawiro, usinichezee. Mafiga ya mama yako. Uliniambia yako kandokando ya njia, mkono wa kushoto, toka mwanzo wa kijiji mpaka mwisho. Uliniambia yamesimama."

"Ulitaka kuyapeleka kwa nani?"

"Kwa kila mwenye macho!" Alijizuia, akatazama kule kwenye kitambaa cheusi, akashusha sauti. "Kampuni inasema hapana watu. Jicho likiwa juu ya mlingoti litaona nyika na mlima, basi, na litawapa ushahidi wao. Likiwa chini litayapita mafiga moja baada ya jingine, karibu kama pua yako. Wataipeleka picha kwa serikali kwa mikono yao wenyewe, na ndani yake mna jiko lenu, na la jirani, na la jirani wa jirani. Nimesumbuka na bakuli la maji siku nzima kwa nini? Kwa ajili ya bibi wa Ulaya?"

Upepo ulipita, ukachukua majani makavu. Pale alipogusa ardhi nikaona duara jeusi, limefunikwa mchanga kwa haraka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Karakanani, na ami yangu amebandika sikio ukutani? Kisha ukaniita mwizi. Ningekujibu nini baada ya hapo?"

Kulikuwa na njia mbili tu za kumwelewa, na zote zilikuwa mbele yangu. Labda alisema kweli. Labda alikuwa ameona majivu, akajua tumemtangulia, na sasa alitaka niwatoe wanawake nje ya kichaka ili jicho liwaone. Nilimtazama usoni. Uso wa mtu hausaidii. Nilitazama kile kitanda cha kamera kigarini basi, lile kumbi la nazi lililosukwa uzi kwa uzi ili bakuli la maji lisimwagike, na nikajiambia kwamba mtu hasumbuki hivyo kwa uongo. Uongo ni kazi nyepesi.

Nikaenda nyuma ya mwamba mwingine, ng'ambo ya uwanja, nikaita kwa lugha yetu.

Mama alikuwa amechutama kichakani na wenzake, kigae cha makaa mbele yake, mawe meusi yamelala kandokando kama mbuzi waliochinjwa. Nilimweleza. Alisikiliza akipepea makaa yasife.

"Na akiwa anadanganya?"

"Watatuhamisha."

"Unalisema kwa wepesi."

"Mao, tukijificha tumeshahama. Wataona uwanja mtupu na watasema ndiyo hiyo, tupu. Na ni sisi tuliowafagilia."

Mmoja wa wanawake akasema kwamba vijana wa siku hizi wanazungumza kama wanapigana. Mama alitazama mawe yake. Kisha akaniambia neno moja la Kidawida ambalo sitaliandika, kwa kuwa linanihusu, akafunga kata ya majani kichwani, na akasema, "Nitwike."

Nilimtwika figa la kwanza. Wenzake walikuwa wanatazamana. Mmoja akainama akachukua lake. Mwingine akakaa alipokuwa, akajifunika uso.

Kule kivulini Bwana Vumbi bado alihangaika chini ya kitambaa. Mbaruk alikuwa amesimama karibu naye, akimwambia kwa sauti ya asali, "Taratibu, Bwana, taratibu, utepe usikunjike." Kila Bwana alipokaribia kutoka, Mbaruk alimwuliza jambo jipya.

Alipojifunua, Mbaruk aliifunga kamera mahali pake, nami nikarudi kigarini. Bwana akapangusa miwani yake ya vumbi, akaruka juu ya pikipiki, akainua mkono. Nikabonyeza kitufe. Panzi akalia.

Njia ikatujia. Tulipita duara la kwanza, hapana kitu. La pili, hapana kitu. Halafu moshi. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya njia, shingo imeinama, anapuliza makaa, na mafiga yake matatu yamesimama mbele yake. Tulipomfikia aliinua uso. Nilimwona kwa kiasi cha kupepesa jicho. Baada yake, mwanamke mwingine na moto wake. Baada yake, mafiga ya yule aliyejifunika uso, yamesimamishwa na wenzake, peke yake bila moto. Baada yake, mlima.

Bwana Vumbi alisimama mwisho wa uwanja. "Nani yule?"

"Wapita njia, Bwana," Mbaruk akasema. "Wachoma mahindi."

Alitutazama mmoja mmoja, kwanza yeye, kisha mimi. Hakuamini, na alikuwa na haki. Lakini utepe ulikuwa umekwisha, jua limekwisha, na kutoka pale juu ya kiti chake alikuwa amewaona wanawake wawili wadogo, vichwa vyao chini ya miguu yake. Akainua mabega. "Haidhuru," alisema. "Watakuwa kama nukta."

*

Filamu ilikwenda Mombasa kwa treni ili ioshwe, ikarudi baada ya mvua. Bwana Vumbi alimwomba Ishaq ghala lake, kwa kuwa lina milango miwili tu na bati zima, na likifungwa mchana huwa giza. Mbaruk aliitwa kufunga shuka na kuisimamisha taa ya kuonyeshea picha. Mimi niliitwa kufungua na kufunga milango. Mama hakuitwa, alikuja, akaketi nyuma kwenye magunia ya mahindi, na Ishaq akajifanya hamwoni.

Mbele waliketi meneja wa kampuni, wageni wake, na ofisa kutoka bomani aliyehusika na mambo ya ardhi.

Nilifunga milango. Joto likatushika koo. Mwanga ukapiga shuka, na njia ikaja. Sikuwahi kuona kitu kama kile na sitakidharau. Majani yaliruka usoni petu, mawe yalipita chini yetu, korongo likatumeza likatutema. Mgeni mmoja alimshika mwenzake mkono. Mbaruk aliniona nikiona, akatikisa kichwa kidogo, kama kusema: nilimwambia.

Kila kichaka nilikijua. Nilihesabu vilivyobaki. Nilijiuliza kama Bwana Vumbi amekata utepe kwa mkasi, kama panzi hakulia sawasawa, kama vumbi limefunika yote. Ukapita mwamba. Ukaja uwanja, na duara la kwanza, hapana kitu.

Halafu moshi, na mama yangu.

Hakuwa nukta. Jicho lilikuwa usawa wa goti, na mtu aliyepiga magoti mbele ya jiko lake uso wake uko hapohapo. Alijaa shuka zima toka juu mpaka chini, mkubwa kama mlango wa ghala, makaa yanawaka chini ya kidevu chake. Aliinua uso, akawatazama waliomo ghalani, mmoja mmoja, ilivyoonekana. Kisha akapita. Mwanamke wa pili akapita. Mafiga yasiyo na moto yakapita, makubwa kama vibanda. Mlima. Weupe mtupu.

"Rudisha," ofisa akasema.

"Wapita njia tu," Bwana Vumbi alianza. "Wao nachoma —"

"Rudisha."

Mama alituinukia tena usoni. Safari hii ofisa alisogea mbele kwenye kiti. Picha ilipokwisha aliuliza kwa Kiswahili, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayehoji ghala zima, "Nani huyu mwanamke?"

Meneja wa kampuni alimtazama Bwana Vumbi. Bwana Vumbi alimtazama Mbaruk. Mbaruk alinitazama mimi, na sikuhitaji tena kujiuliza uso wake una nini.

"Ni Wakesho wa Rukanga," nilisema. "Ni mama yangu. Na lile ni jiko lake, si la kuchomea mahindi."

"Rukanga hakukai mtu. Ni marufuku."

"Ndiyo."

"Tangu lini anakwenda?"

Nilifikiri namna ya kujibu bila kutuweka pabaya. Nyuma yangu magunia yakachakarika.

"Mwambie," mama akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "moto ya mimi haijalala mwaka hata moja."

Vichwa vyote vikageuka. Wakamwona pale gizani, mdogo, na kikapu mapajani. Walimtazama yeye, wakalitazama shuka jeupe, kama watu wanaopima kama ni mtu yuleyule.

Meneja akaanza kusema kwa Kiingereza, kwa haraka. Ofisa alimwinulia kiganja. Akajipepea kwa kofia. Halafu akasema kwamba yeye hawezi kuamua jambo kwa shuka, kwamba atakwenda Rukanga mwenyewe kuona ni majiko mangapi na ni ya nani, na kwamba waliovunja amri watajulikana. Akaninyooshea kidole.

"Wewe. Unaijua njia. Kesho utanionyesha."

Hayo ndiyo maneno yaliyowahi kututoa kwetu, kwamba mtu wa Kasigau ameonyesha njia. Nilimtazama nikitafuta upande gani wa maneno yale una kisu. Sikuuona, na hilo halikunituliza.

"Nitakuonyesha," nilisema. "Lakini niambie kwanza, Bwana. Ni njia ya kwenda kuwatoa watu, au ya kuwarudisha?"

"Sijui bado," akajibu. Na katika siku zote zile, hilo lilikuwa neno la kwanza la mtu wa boma nililoliamini.

Nikafungua milango. Mwanga ukaingia, watu wakafumba macho. Mbaruk alikuwa anakunja shuka. Mama alipita katikati ya viti vya wageni bila kumwomba mtu nafasi, kikapu begani, akasimama kwenye kizingiti.

"Mwonyeshe njia, na usimzungushe," aliniambia. "Mimi natangulia. Yule aliyejifunika uso siku ile, jiko lake lina baridi, na huyu anakuja kuhesabu."

"Utakwenda kwa miguu usiku kucha, mao?"

Alimtazama Mbaruk juu mpaka chini, kwa shaka ileile aliyoanza nayo, haikupungua hata chembe.

"Huyu fundi wako," akasema, "ana baiskeli?"